Maji Yakimwagika Huzoleka

Chupa tatu ndogo zilikaa dirishani kwangu kwa siku tatu. Ndani ya kila chupa kulikuwa na kipande cha karatasi kilicholoweshwa dawa kisha kikakaushwa, na kila moja niliijaza maji ya mahali pake: ya kwanza maji ya mto, ya pili ya bomba, ya tatu ya kisima kilichoko uani kwangu. Kipimo chenyewe hakihitaji maabara. Unajaza, unafunga, unaiweka chupa mahali penye joto la kawaida, unangoja. Maji yaliyoingiwa na kinyesi huwa na bakteria wanaotoa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo ikikutana na dawa ya karatasi, chupa nzima hugeuka nyeusi. Si kipimo cha mwisho, kwa sababu yapo mambo mengine machache yanayoweza kuigeuza, lakini ni onyo ambalo mtu hapaswi kulipuuza.

Chupa ya mto iligeuka usiku wa kwanza. Sikushtuka. Ya bomba haikugeuka hata siku ya tatu. Iliyonikalisha kitako ni ya kisima. Asubuhi ya pili ilikuwa na wingu la kijivu karibu na karatasi, jioni yake wingu limeshuka hadi chini, na kulipokucha tena chupa ilikuwa nyeusi tii, kama mtu kaitia wino.

Kisima hicho ndicho nilichokuwa nikikiamini. Maji yake ni baridi, maangavu, hayana harufu ya dawa. Wageni waliyasifu. Maji ya bomba niliyanung'unikia kwa harufu ya klorini, tena nilijua yanatoka kwenye mto uleule unaonuka, basi nikayaacha yawe ya kufulia na kupigia deki. Kwa miaka mingi nilikunywa ya kisima na kumnywesha mwanangu kwa kikombe chake kidogo, na alipokuwa akiharisha tulisema anaota meno.

Siku ile ya tatu nilitoka na tepu ya fundi, nikapima kutoka kwenye mdomo wa kisima hadi kwenye shimo la choo. Mita 11. Shimo hilo si la kiwanda, wala si la jirani mkorofi. Ni langu, nililichimbisha mwenyewe, na nilijivunia kwamba halijawahi kujaa. Sasa nikaelewa kwa nini halijai.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa neno lililokwisha kutoka kinywani ni kweli tupu. Kwa maji yenyewe, hapana. Maji yakimwagika huzoleka, na tatizo ni nani anayeyazoa, wapi, na baada ya muda gani. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu chupa ile igeuke, na kila ninapoliangalia naona kwamba sisi wanywaji tumezoea kuuliza swali lisilotosha. Tunauliza: maji haya ni safi? Tungepaswa kuanza na maswali mawili: juu yangu yuko nani, na chini yangu yuko nani?

Dunia haipati maji mapya. Kiasi kinachokaribia asilimia 97 ya maji yote ni ya chumvi, na katika hayo machache yasiyo ya chumvi zaidi ya theluthi mbili yamelala kama barafu. Yanayobaki, sehemu kubwa imejificha ardhini, na mito na maziwa yote tunayoyaona kwa macho ni kijisehemu kidogo mno cha hesabu hiyo. Kijisehemu hicho ndicho kinachozunguka: kinapanda kama mvuke, kinashuka kama mvua, kinapita mwilini mwa mtu, mwa ng'ombe, mwa mti, kinarudi. Kila tone ulilokunywa leo limewahi kutupwa na kiumbe fulani. Linakuwa la kunyweka kwa sababu kati ya kutupwa na kunywewa kumepita umbali, muda na udongo. Tatizo la uchafuzi wa maji, hasa huu wa karibu na nyumbani, ni kwamba tumepunguza vyote vitatu kwa pamoja. Tunaishi karibu karibu, tunachota haraka, na ardhi iliyopaswa kutuchujia tumeitoboa.

Udongo ni mfanyakazi wa ajabu, na sidhani tunampa heshima yake. Maji machafu yakipita polepole katika udongo mkavu wenye chembe ndogo, bakteria hunasa kwenye chembe hizo, huliwa na viumbe wengine wadogo, au hufa kwa kukaa muda mrefu nje ya mwili. Ndiyo maana viwango wanavyotumia mashirika ya misaada ya dharura vinataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kitako cha shimo kikae angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Zile mita moja na nusu watu huzisahau. Shimo likichimbwa mpaka likagusa maji, halichujwi na kitu. Choo na kisima vinakuwa vyumba viwili vya nyumba moja. Shimo langu lililogoma kujaa lilikuwa linafanya hivyo hasa. Na hata umbali una masharti yake. Kwenye mchanga wa chembe kubwa au mwamba wenye nyufa, uchafu husafiri mbali na kwa kasi, na virusi, kwa udogo wao, hupenya mahali ambapo bakteria wamekwama.

Mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe ikaingia kwenye kisima kifupi kilichokuwa kikilisha mabomba ya mji. Klorini haikutiwa ipasavyo, na waliopaswa kufuatilia hawakufuatilia. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua, katika mji wenye watu kama 5,000. Ninachokikumbuka zaidi katika kisa hicho ni kwamba tume ya uchunguzi haikumlaumu mfugaji. Alikuwa ameitandaza samadi yake shambani kama mkulima yeyote mwangalifu anavyofanya. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila kisima kilikuwa mahali pasipofaa na mlinzi wa mwisho hakuwa kazini.

Wanaopenda historia ya maji hawawezi kuikwepa London ya 1854, nami siwezi. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo kipindupindu kilishuka ghafla kwenye mitaa ya Soho na kuua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwenye pampu ya Mtaa wa Broad, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukang'olewa. Kufikia siku hiyo ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua wenyewe, lakini ushahidi ulibaki. Baadaye mafundi walipochimba walikuta shimo la maji machafu la nyumba nambari 40 likiwa na matofali yaliyooza, umbali usiofika mita moja kutoka kisimani. Katika shimo hilo mama mmoja alikuwa amemwaga maji aliyofulia nepi za mwanawe mgonjwa. Nilipousoma mstari huo nilifunga kitabu. Mama yule alifanya nini ambacho mimi sikufanya?

Kuna mjane katika habari hiyo ambaye simsahau. Alikuwa amehama, akaishi Hampstead, kilomita kadhaa kutoka Soho, mahali ambapo kipindupindu hakikuwapo. Lakini aliyapenda maji ya pampu ya zamani, akaagiza aletewe kila siku kwa mkokoteni. Aliletewa, akanywa, akafa; na mpwa wake aliyemtembelea na kuonja maji hayo akafa pia. Wakati huohuo wafanyakazi zaidi ya 70 wa kiwanda cha bia kilichokuwa palepale mtaani, waliokuwa wakipewa bia na wasioigusa pampu, hakufa hata mmoja. Mjane aliyafuata maji matamu. Utamu wa maji ni chumvichumvi na madini yaliyoyeyuka na ubaridi wa ardhini. Haukuambii lolote kuhusu kinyesi. Macho na ulimi wetu viliumbwa kutambua maji yaliyochacha na yenye tope, navyo hufanya kazi hiyo vizuri, lakini viko kimya kabisa mbele ya vitu vinavyoua kwa wingi zaidi.

Hata hivyo kazi ya Snow ninayoiona kuwa nzito kuliko ile ya pampu ni nyingine, na hutajwa mara chache. Kusini mwa London kampuni mbili ziliuza maji ya mto Thames kwenye mitaa ileile, nyumba hii ikiwa na bomba la kampuni hii na ya pili bomba la kampuni ile. Mwaka 1852 kampuni ya Lambeth ilihamisha mahali pake pa kuchotea, ikapanda juu ya mto hadi Thames Ditton, ambako majitaka ya jiji hayakufika. Kampuni ya Southwark and Vauxhall ilibaki Battersea, katikati ya uchafu. Kipindupindu kilipokuja mwaka 1854, Snow alihesabu vifo katika wiki saba za mwanzo: kwa kila nyumba 10,000 zilizonywa maji ya Battersea walikufa 315, na kwa kila nyumba 10,000 zilizonywa ya Thames Ditton walikufa 37. Mto mmoja, mtaa mmoja, hewa moja, watu wa hali moja. Tofauti ilikuwa ni nani anachota juu na nani anachota chini.

Funzo ambalo miji mingi ilichukua hapo lilikuwa: panda juu zaidi. Lina mantiki kwa anayepanda. Ila kila anayepanda juu humwacha mwingine chini. Chicago ilikuwa ikimwaga majitaka kwenye mto wake, mto ukayapeleka ziwa Michigan, na jiji likanywa kutoka ziwa hilohilo. Mwaka 1900 wahandisi wake walifanya jambo kubwa mno: walichimba mfereji wakaugeuza mto, ukawa unalipa ziwa kisogo na kuupeleka uchafu upande wa pili, kuelekea mto Mississippi. Chicago ikapata nafuu. Jimbo la Missouri, ambalo mji wake wa St. Louis unakunywa maji ya Mississippi, likakimbilia Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1906 likashindwa. Mahakama ilisema madhara hayajathibitishwa, na ikagusa pia jambo lililouma: miji ya Missouri yenyewe ilikuwa ikimwaga majitaka kwenye mto huohuo. Mlalamikaji naye alikuwa na mtu chini yake, na mtu huyo hakuwa mahakamani.

Sipendi kusema kwamba aliye chini hana la kufanya, kwa sababu si kweli. Mwaka 1892 Hamburg, nchini Ujerumani, ilikuwa inakunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Jirani yake Altona ilichota maji ya mto huohuo, tena upande wa chini, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake humo. Kwa akili ya kawaida Altona ndiyo iliyopaswa kuangamia. Lakini Altona ilikuwa na vitanda vya mchanga vya kuchujia. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,600 Hamburg, na Altona kikagusa wachache kwa kulinganisha. Kulikuwa na mtaa mpakani ambapo upande uliopata maji ya Hamburg uliugua na upande wa Altona ukanusurika. Chujio la aina hiyo halina uchawi. Maji hupita polepole kwenye mchanga, na juu ya mchanga huota utando mwembamba wa viumbe hai wanaokula vimelea. Kazi yote inafanyika kwenye utando huo, ambao mtu asiyejua angeukwangua akidhani ni uchafu.

Hapo ndipo nilipoyaelewa maji yangu ya bomba. Mtoni yametoka machafu, na chupa yangu ilishuhudia. Lakini njiani mtu ameyatia shabu, chembe za tope zikashikana na kuzama. Mtu ameyapitisha kwenye mchanga. Mtu amepima klorini na kuacha kidogo ya ziada isindikize maji safarini. Ile harufu niliyoichukia ilikuwa sahihi ya mlinzi aliyekuwa kazini. Mwenye haki ya kunung'unika ni yule ambaye maji yake ya bomba hayana harufu hiyo hata kidogo ilhali mgao unakuja na kukatika. Bomba likikaa tupu, au presha ikishuka, kila ufa uliomo hunyonya kilicho nje yake, na mara nyingi bomba la maji safi hulazwa jirani na la majitaka au chini ya mtaro. Maji yakirudi, yanarudi na wageni. Baada ya hapo kuna dumu lisilosuguliwa ndani, ndoo isiyo na mfuniko, kata inayoshikwa na kila mkono. Maji mengi hutoka safi kwenye mtambo na kuchafuliwa katika hatua za mwisho, ambazo hakuna mkubwa wa kuzilaumia.

Basi tuchemshe, mtu atasema. Naam, tuchemshe. Maji yakitokota kwa dakika 1 yanatosha kuua vimelea, na kwenye nyanda zilizo juu ya mita 2,000 dakika 3. Nyumbani kwangu sasa hakuna glasi inayonywewa bila hivyo. Lakini moto hauondoi kila kitu. Madini ya risasi na ya aseniki, na naitreti inayotokana na mbolea na vyoo, haviungui. Maji yanapopungua sufuriani vyenyewe huzidi kukolea. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani, huweza kumzuia mtoto mchanga anayelishwa maziwa ya chupa asipate oksijeni ya kutosha kwenye damu, midomo yake ikageuka rangi. Mzazi anayechemsha maji ya aina hiyo kwa bidii anafanya kosa kwa upendo.

Bangladesh inaniumiza kwa sababu hiyohiyo. Watoto walikuwa wakifa kwa kuhara kwa maji ya madimbwi. Kuanzia miaka ya 1970 zikachimbwa pampu za mkono kwa mamilioni, kwa nia njema kabisa, ili watu wapate maji ya ardhini yasiyo na vimelea. Maji yalikuja maangavu. Hakuna aliyepima aseniki iliyolala kwenye mashapo yaliyoletwa na mito kutoka milimani tangu enzi na enzi. Ngozi za watu zilipoanza kuota madoa na sugu, miaka ilikuwa imepita. Mwaka 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani liliandika kwamba ni kisa kikubwa kuliko vyote vya watu kunyweshwa sumu katika historia, likikadiria kati ya watu milioni 35 na 77 kuwa hatarini. Pampu zikapakwa rangi: nyekundu usinywe, kijani kunywa. Nafikiri juu ya mtu ambaye pampu ya mlangoni pake, aliyoichangia fedha na kuifurahia, imepakwa nyekundu.

Na Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji huo ulibadilisha chanzo ili kuokoa fedha, ukaacha maji ya ziwa Huron na kuanza kunywa mto wa Flint, bila kutia dawa ya kuzuia maji yasile mabomba. Maji yakala mabomba, madini ya risasi yakaingia vikombeni. Wakazi walibeba chupa za maji ya rangi ya chai mikutanoni, wakaambiwa yako salama. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kutumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yakivitia kutu vipuri vyake, kikarudishiwa maji ya zamani. Wananchi walingoja mwaka mzima zaidi. Sina maneno makali ya kutosha kwa jambo hilo. Vyuma vilisikilizwa kabla ya watoto.

Lipo pendekezo la zamani kuhusu viwanda, ambalo naliona lina haki kuliko faini zote: kila kiwanda kinachomwaga kwenye mto kichote maji yake chini ya mahali kinapomwagia. Kikimwaga sumu, kitainywa chenyewe kwanza. Ningependa sheria hiyo, na ningependa itumike pia kwa miji, na kwa mashamba yanayopuliziwa viuatilifu hadi ukingoni mwa mto. Viwanda havina udhuru. Lakini naogopa jinsi tunavyovitumia kama kinga. Tukisema uchafuzi tunawaza bomba la rangi ya zambarau linalomwagika usiku, na ni vyepesi kulichukia kwa sababu si letu. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watu wasiopungua bilioni 1.7 duniani hunywa maji kutoka kwenye chanzo kilichoingiwa na kinyesi. Hiyo haitoki kwenye bomba la zambarau. Inatoka kwenye mashimo kama langu.

Mwenye uwezo hukimbia. Ananunua maji ya chupa, anafunga chujio jikoni, anachimba kisima kirefu zaidi ya cha jirani. Simlaumu mzazi kwa kumlinda mwanawe leo. Ninacholalamikia ni kinachofuata: akishajitoa kwenye chanzo cha wote, hana tena sababu ya kupiga kelele kinapoharibika, na wenye sauti wakiondoka wanabaki wasio na sauti. Visima vinazidi kwenda chini, maji ya ardhini yanazidi kushuka, na mto unakufa bila mwenyewe. New York ingeweza kufanya hivyo. Ilipobanwa na masharti mapya, ilikuwa mbioni kutakiwa kujenga chujio la mabilioni ya dola kwa ajili ya maji yanayotoka kwenye milima ya Catskill na bonde la Delaware, mengine kilomita 200 kutoka jijini. Badala yake, baada ya mabishano makali na wakulima ambao hawakutaka kuamrishwa na jiji, mwaka 1997 ulitiwa saini mkataba. Jiji likalipia uzio wa kuzuia ng'ombe wasiingie vijitoni, likalipia kukarabati mashimo ya vyoo ya watu wa milimani, likanunua ardhi kwa waliokuwa tayari kuuza. Aliye chini alikwenda kwa aliye juu na mkoba wake, akasema: choo chako ni gharama yangu.

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, ilifika mwisho wa mjadala mapema zaidi. Jiji la nchi kame halina wa juu wala wa chini wa kutosha. Tangu 1968 mtambo wake wa Goreangab huyachukua majitaka ya jiji yaliyokwisha kusafishwa, huyasafisha tena hatua kwa hatua, na kuyarudisha moja kwa moja kwenye mabomba ya kunywa. Watu wakisikia hivyo hukunja uso. Mimi baada ya kupima mita 11 sikunji tena. Tofauti kati yangu na mkazi wa Windhoek ni kwamba yeye anajua anakunywa nini, na yupo mtu anayelipwa kupima kila siku.

Nilimwita fundi wa visima. Alizunguka uani, akatazama mteremko, akaonyesha kona ya chini kabisa ya kiwanja. "Hamishia choo hapa," akasema, "kisima chako kitapona." Alikuwa sahihi. Ni mita 34 kutoka kisimani, tena upande maji ya ardhini yanakoelekea. Ng'ambo ya ukuta wa kona hiyo ni kwa mama mmoja mtu mzima, naye ana kisima.

Nilikwenda kwake jioni na chupa moja mpya mfukoni. "Karibu mwanangu," akanikaribisha, nikamweleza yote, pamoja na mita zangu. Aliniangalia kwa muda. "Maji haya nimeyanywa tangu wanangu hawajaota meno," akasema. Nikamwambia mimi nami nilisema hivyo. Akachota mwenyewe, akajaza chupa, akaiweka kwenye dirisha la jikoni. Siku ya pili jioni aliniita, hakusema neno, akanionyesha kwa kidole.

Tuliafikiana shimo langu lizibwe, nijenge tenki lisilopitisha maji kitako wala kuta, linalonyonywa na gari likijaa. Ni ghali, na ndiyo bei yake halisi. Ile ya zamani mama yule alikuwa akinilipia bila kujua. Gari lilipokuja mara ya kwanza kunyonya, nilimuuliza dereva anakwenda kuyamwaga wapi. Akasema kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, ng'ambo ya mto. Na yakitoka mabwawani? "Mtoni," akasema, huku akikunja mpira wake. Nikamuuliza ni juu ya mtambo wa maji ya kunywa au chini yake. Alisimama kidogo akafikiri, akasema miaka yote aliyoendesha gari lile hakuna aliyewahi kumuuliza. Keshokutwa asubuhi nitapanda naye, nikaone.